Mfumo Mmoja au Ngazi Mbili? Kampuni Tanzu na Daftari la Makao Makuu

Chukua kundi la kampuni lenye makao makuu Nairobi na kampuni tanzu Kampala, Dar es Salaam, Kigali na Lubumbashi. Kila mwisho wa mwezi linafunga hesabu mara tano, kisha linafunga mara ya sita ili kupata hesabu za kundi. Kila mji una sarafu yake, mamlaka yake ya mapato, na mhasibu wake ambaye peke yake anajua kwa nini akaunti fulani ilipewa jina lile. Urari wa kila kampuni hutumwa makao makuu kwa barua pepe, mara nyingi kwenye Excel, na huko mtu mmoja hukesha akiunganisha namba. Mtu huyo akiugua, bodi inaweza kukaa wiki nzima bila kujua kundi limepata faida au hasara.

Hapo ndipo wauzaji wa programu za biashara wanapobisha hodi. Mmoja anasema: wekeni mfumo mmoja kwa kundi zima, kila kampuni iwe ndani yake, ili mkurugenzi wa fedha aone mauzo ya Kigali kabla meneja wa Kigali hajamaliza chai. Mwingine anasema: makao makuu yabaki na mfumo mkubwa, kampuni tanzu zipewe mdogo na wa bei nafuu, halafu viunganishwe. Huo wa pili ndio mpangilio wa ngazi mbili. Kila muuzaji ana mteja wa kumtolea mfano, na wote wawili husema kweli kwa kiasi fulani. Tatizo ni kile wanachokiacha.

Suala hili sasa lina tarehe. Kampuni ya programu ya SAP imetangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa zamani, ECC, yatakoma mwishoni mwa 2027, na anayetaka kuongezewa muda hadi 2030 atalipa zaidi. Makampuni yaliyojenga hesabu zake juu ya mfumo huo yanalazimika kuamua upya, na yakishaanza kuamua juu ya makao makuu hayawezi kuziruka kampuni tanzu. Upande wa pili wako wafanyabiashara wengi wa kwetu waliokua na Tally, QuickBooks au Sage. Programu hizo zilitosha kiwanda kimoja na maduka manne. Leo zinabeba nchi tatu, na kila nchi imewekewa nakala yake isiyojua habari za mwenzake.

Wanaotetea mfumo mmoja wana kisa ambacho hakijazeeka. Mwaka 1997 kikosi kilichokuwa kikichunguza mifumo ya Nestlé nchini Marekani kiligundua kwamba vitengo vya kampuni hiyo vilikuwa vikinunua vanila kwa bei 29 tofauti, na vanila yote ilitoka kwa muuzaji mmoja. Hakuna aliyeiba. Kila kitengo kilipatana bei kivyake na kuipa vanila namba yake kwenye kompyuta, kwa hiyo hata mtu mwenye nia njema pale makao makuu asingeweza kulinganisha. Kampuni ikaanza mradi wa kuweka mfumo mmoja Marekani, na mwaka 2000 ikaanzisha mwingine wa dunia nzima ulioitwa GLOBE.

Wanaosimulia kisa hiki huwa wanakimalizia kwa kuisifu programu. Mimi nakisoma kwa njia nyingine: vanila isingeweza kupata bei moja kabla ya kupata namba moja. Kazi hiyo ilikuwa ya watu kukaa na kukubaliana, na ingehitajika hata kama kila kiwanda kingebaki na kompyuta yake. Ndiyo maana naona swali la mfumo mmoja au ngazi mbili huulizwa kabla ya wakati wake. Linalotangulia ni hili: nani ana mamlaka juu ya orodha? Orodha ya akaunti, ya bidhaa, ya wauzaji, ya wateja. Kundi lenye jibu linaweza kuishi vizuri na mifumo miwili. Kundi lisilo na jibu litalipia mfumo mmoja na kubaki na madaftari matano ndani yake.

Afrika Mashariki mjadala una mhusika ambaye vitabu vya wauzaji humtaja kwa aya moja tu: mtoza kodi. Huku kwetu yumo ndani ya programu yenyewe. Tanzania ilianza kuwataka wafanyabiashara watumie mashine za risiti za kielektroniki, EFD, mwaka 2010. Rwanda ikaja na EBM mwaka 2013. Uganda iliifanya EFRIS kuwa lazima kwa waliosajiliwa VAT kuanzia Januari 2021. Kenya iliacha mashine za zamani, ikapita TIMS, na mwaka 2023 ikaleta eTIMS. Kwa mbali yote haya yanafanana: risiti inatoka na taarifa inakwenda serikalini. Kwa karibu hayafanani hata kidogo.

EFD ya Tanzania Bara hufunga siku kwa ripoti ya Z, na risiti ina namba ya uhakiki ambayo mteja anaweza kuikagua. EFRIS inataka bidhaa isajiliwe kwanza kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, ipewe msimbo wa aina yake, na mzigo ulioingia utangazwe kabla ya kuuzwa. Maana yake URA ina ghala lake la kwenye kompyuta, na ghala hilo linatakiwa lilingane na stoo yako. Kenya imeenda mbele zaidi upande wa manunuzi: tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa aina chache zilizosamehewa. Kwa hiyo mfumo wa kampuni ya Kenya hauwezi kuridhika na kutoa ankara. Lazima ujue pia kama ankara iliyopokelewa ni halali machoni pa mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA. Na huhitaji kuvuka mpaka wa nchi kukutana na hali hii. Kampuni ya Dar es Salaam ikifungua duka Unguja kwa upande wa VAT inakutana na mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ZRA, badala ya ile ya Tanzania, TRA, na kiwango cha 15% badala ya 18%.

Tuangalie jambo dogo, kurudishwa kwa mzigo. Mteja wa Kampala amerudisha katoni kumi za sabuni kwa sababu zimelowa njiani. Kwenye mfumo uliosanifiwa Ulaya, karani anafungua ankara, anabonyeza kitufe cha kurudisha, hati ya kupunguza deni inatoka, stoo inapanda, deni linashuka. Dakika moja. Kwa EFRIS hati hiyo huombwa, ikitaja namba ambayo URA iliipa ankara ya awali, na husubiri kukubaliwa. Kama wataalamu waliojenga mfumo wa kundi hawakuweka mahali pa kuhifadhi namba ile ya URA, karani ataiandika mahali pengine. Na kama mfumo unashusha deni papo hapo ilhali URA bado haijakubali, basi kwa siku kadhaa vitabu viwili vinasema mambo mawili. Karani mwenye akili atafanya nini? Atafungua Excel, aweke safu ya ankara, safu ya namba za URA, safu ya zilizokubaliwa na zile zinazongoja. Baada ya miezi sita jedwali lile ndilo mkaguzi analoomba kwanza.

Ndiyo maana huwa sishawishiki kirahisi kundi linapojigamba kwamba lina mfumo mmoja. Mengi yana miwili, na wa pili ni Excel. Tofauti yake na ngazi mbili za kweli ni kwamba huu haukununuliwa, hauna nenosiri la maana, na aliyeutengeneza anaweza kuacha kazi Ijumaa.

Sasa twende Lubumbashi, ambako mambo yanabadilika zaidi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na kanuni zake za uhasibu, SYSCOHADA, zilizofanyiwa marekebisho, zinatumika tangu Januari 2018. Mhasibu wa Nairobi amezoea kwamba kampuni hujipangia namba za akaunti ipendavyo. SYSCOHADA inakupangia: wauzaji ni 401, wateja ni 411, benki iko chini ya 52, fedha taslimu chini ya 57, gharama za shughuli za kawaida daraja la 6 na mapato yake daraja la 7. Mwaka wa hesabu ni Januari hadi Desemba, hata kama kundi lako linafunga Juni, jambo ambalo si geni Kenya. Vitabu vinatakiwa kwa faranga za Congo, wakati nusu ya mazungumzo ya bei sokoni yako kwa dola. Juu ya hayo kuna TVA, yaani VAT ya huko, ya 16%. Ankara moja ya dola inaingia vitabuni kwa faranga kwa ajili ya serikali, kisha inageuzwa shilingi za Kenya kwa ajili ya kundi, kila hatua na kiwango chake cha kubadilishia fedha.

Muuzaji wa mfumo mkubwa atakuambia kwamba bidhaa yake inaweza kubeba orodha mbili za akaunti na leja sambamba. Ni kweli, inaweza. Gharama iko kwa watu. Mhasibu wa Lubumbashi aliyefunzwa kwa Kifaransa na kwa namba za SYSCOHADA anapopewa skrini ya Kiingereza yenye namba za Nairobi, anafanya kazi mara mbili: anaingiza muamala kwa namba asizozielewa, halafu anatengeneza upya vitabu vya serikali pembeni. Kwa kampuni tanzu ya aina hii mimi naegemea ngazi mbili bila kusita. Ipewe programu inayofahamu OHADA tangu kuzaliwa, na kila mwezi ipeleke urari uliokwisha kutafsiriwa kwa namba za kundi, kwa jedwali la kulinganisha akaunti ambalo makao makuu yamelisaini.

Kuna upande mwingine, na hapa ngazi mbili zina udhaifu wa kweli. Urari unatosha pale kampuni tanzu inaposimama peke yake: inanunua kwake, inauza kwake, inaleta faida nyumbani mwisho wa mwaka. Hautoshi kampuni zinapouziana.

Tuseme kiwanda cha Nairobi kimeiuzia kampuni tanzu ya Kampala mafuta ya kupikia kwa shilingi milioni 10 za Kenya. Kuyatengeneza kuligharimu milioni 8. Kwenye vitabu vya Nairobi kuna faida ya milioni 2, na meneja mauzo anadai bonasi yake. Mwisho wa mwaka robo ya mzigo huo bado iko ghalani Kampala. Kwa kundi zima robo ile haijauzwa kwa mtu yeyote; imehama tu kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kwa hiyo faida ya laki tano iliyomo lazima itolewe kwenye hesabu za kundi, na mzigo ulioandikwa Kampala kwa milioni 2.5 urudishwe kwenye gharama yake ya milioni 2. Mauzo yote ya milioni 10 nayo yanafutwa, kwa kuwa mtu hajiuzii mwenyewe.

Kwenye mfumo mmoja ulioundwa vizuri, oda ya manunuzi ya Kampala ndiyo inayozaa oda ya mauzo ya Nairobi, namba ya katoni ni ileile pande zote, na mfumo unajua ni katoni zipi kati ya zilizobaki ghalani zilitoka kwa ndugu na zipi kwa mgeni. Kwenye ngazi mbili maarifa hayo hayapiti mpakani yenyewe. Lazima mtu ayajengee njia. Nairobi imeandika deni kwa tarehe ambayo lori liliondoka. Kampala imeandika kwa tarehe ambayo lori lilipita Malaba au Busia na kufika. Mwezi ukikatika katikati ya safari, upande mmoja unadai, mwingine haudaiwi. Zidisha hali hiyo kwa bidhaa mia tatu na kampuni tano, utaelewa kwa nini hesabu jumuishi huchelewa. Kundi ambalo kampuni zake zinauziana kila wiki, hasa kwa bidhaa zilezile, halina sababu nzuri ya kuzitenganisha kwenye mifumo tofauti. Litaokoa kwenye leseni na kulipa mara mbili kwenye usuluhishi.

Mfano mkubwa wa kampuni tanzu iliyopewa mfumo wake na kuangukia pua ni Target ya Kanada. Kampuni mama, yenye maduka mengi Marekani, ilichukua maeneo ya maduka ya Zellers mwaka 2011 kwa takriban dola bilioni 1.8 za Kanada. Mifumo yake ya Marekani ilikuwa imejengwa nyumbani kwa miaka mingi na haikuwa rahisi kuifanya ielewe dola ya Kanada wala herufi za Kifaransa. Uamuzi wa kuichukulia Kanada mfumo mpya, SAP, ulikuwa na mantiki. Kilichoua ni muda na orodha. Maelezo ya bidhaa takriban 75,000 yaliingizwa kwa haraka: inchi zikaandikwa mahali pa sentimita, urefu ukawekwa mahali pa upana, bei zikawekwa kwa sarafu isiyohusika. Taarifa zilizoandikwa baadaye zilieleza kwamba usahihi wa data hizo ulikuwa kama 30%, wakati Marekani ulikuwa 98% au zaidi. Maduka yalianza kufunguliwa Machi 2013. Maghala yalifurika huku rafu zikibaki tupu, kwa sababu kompyuta haikujua katoni ina vipimo gani wala inatosha wapi. Tarehe 15 Januari 2015 Target ilitangaza kuondoka. Maduka 133 yalifungwa na wafanyakazi wapatao 17,600 wakakosa kazi.

Lidl ya Ujerumani iliangukia shimo la upande wa pili. Ilianza mwaka 2011 kuingiza SAP kwa kundi zima na mwaka 2018 ikaachana nao baada ya kutumia takriban euro milioni 500. Lidl ilizoea kuthamini mzigo kwa bei ya kununulia, mfumo ulisanifiwa kwa bei ya kuuzia, na badala ya kampuni kubadili desturi yake ilibadilisha programu hadi ikawa ngumu kuibeba. Anayesema ukubwa wa pesa huokoa mradi na asome hapo.

Wauzaji wakubwa wanajua mteja anaogopa kuunganisha mifumo ya watu wawili, kwa hiyo siku hizi kila mmoja anauza ngazi zote mbili. SAP ina S/4HANA kwa wakubwa na Business One kwa wadogo. Microsoft ina Dynamics 365 Finance na Business Central. Oracle ina mfumo wake mkubwa, pamoja na NetSuite, ambayo iliinunua mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 9.3. Mteja anaambiwa: chukua vyote kwetu, vitaelewana. Nembo moja isikudanganye. Business One ilitoka kwa kampuni ya Israel iliyoitwa TopManage, SAP ikainunua mwaka 2002. Business Central ni mjukuu wa Navision ya Denmark, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huohuo. Hizi ni programu zilizozaliwa kwenye nyumba tofauti na zikapakwa rangi moja baadaye. Ndani yake majedwali ya data hayafanani. Kiunganishi kinaweza kuwapo tayari, na hilo ni jambo zuri, lakini jedwali la kulinganisha akaunti na bidhaa bado utalijaza mwenyewe. Muuzaji hajui kwamba unachokiita "usafiri" Dar es Salaam ndicho Kampala wanachokigawa kwenye akaunti tatu.

Lipo pia jambo ambalo halizungumzwi siku ya harusi: talaka. Kampuni tanzu huuzwa. Barclays ilipoamua mwaka 2016 kupunguza hisa zake katika benki zake za Afrika, ilikubali kutoa pauni milioni 765 kugharimia utengano, mifumo ya kompyuta ikiwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kazi yenyewe ilikamilika mwaka 2020. Wateja wa Kenya na Tanzania walichokiona ni kubadilika kwa jina kuwa Absa mwezi Februari mwaka huo. Wasichokiona ni miaka ya kung'oa nyaya. Benki si kiwanda cha sabuni, na kiasi kile si kipimo cha mtu mwingine, ila kanuni ni ileile: kadiri kampuni tanzu inavyozama ndani ya mfumo wa mama, ndivyo inavyokuwa ghali kuitoa. Kundi linalonunua kampuni ili kuikuza na kuiuza baada ya miaka mitano, kama wafanyavyo wawekezaji wengi wa Nairobi siku hizi, lina sababu nzito ya kuiacha na programu yake inayoweza kuondoka nayo.

Kuhusu mtandao na mishahara niseme kifupi. Mfumo mmoja siku hizi karibu kila mara uko kwenye wingu, yaani kwenye seva za nchi nyingine. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na mtandao ukalegea ukanda mzima. Uganda Januari 2021 na Tanzania mwishoni mwa Oktoba 2025, mtandao ulizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Ghala linalopakia malori usiku haliwezi kusubiri. Uwe na mfumo mmoja au miwili, uliza ni nini kitaendelea kufanya kazi mtandao ukizimika, na nani ataingiza kwenye mfumo yaliyoandikwa kwenye karatasi mtandao ukirudi. Mishahara nayo, hata kama kundi lina mfumo mmoja, iache kwenye programu ya nchini. Kenya iliacha mfuko wa bima ya afya wa NHIF na kuingia SHIF ya 2.75% Oktoba 2024, kila bajeti ina badiliko lake, na sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda za 2019, Rwanda ya 2021 na Tanzania ya 2022 zinaweka masharti kwa taarifa za wafanyakazi zinazovuka mpaka.

Gharama ya leseni nayo ina mtego ambao wataalamu wa kompyuta huuacha kwa watu wa kodi, na watu wa kodi huambiwa mkataba ukishasainiwa. Makao makuu yakinunua mfumo mmoja na kugawa gharama kwa kampuni tanzu, mgawo ule ni huduma inayovuka mpaka. Nchi inayolipa itataka kodi ya zuio, itauliza VAT ya huduma iliyoagizwa nje, na mkaguzi wake atataka kuona kwa nini Kampala inalipa robo ya gharama wakati ina watumiaji sita tu. Bei nafuu ya mtumiaji mmoja mmoja kwenye mkataba wa kundi inaweza kuishia hapo. Programu ndogo iliyonunuliwa nchini humo humo haina mjadala huo. Tena mhasibu anayeijua Tally au Sage utampata Mwanza au Mbarara bila tangazo la gazeti. Anayejua mfumo mkubwa ukimpata atakuja na bei ya Nairobi.

Hukumu yangu, basi. Kampuni tanzu zinazofanya biashara ileile na kuuziana mzigo ziwe ndani ya mfumo mmoja, kila moja ikiwa kampuni kamili yenye kiunganishi chake cha EFRIS, eTIMS, EBM au EFD kilichojaribiwa kabla ya siku ya kuanza. Kampuni iliyo chini ya OHADA, iliyo na biashara tofauti kabisa na ya kundi, yenye wanahisa wengine wenye nguvu, au inayoweza kuuzwa, ibaki na programu yake na ilete urari. Kundi linaweza kabisa kuwa na kampuni tatu ndani na mbili nje. Wenye kupenda usafi watanung'unika, lakini hesabu zitafungwa. Na katika hali zote mbili awepo mtu mmoja, kwa jina na kwa barua ya kazi, ambaye bila idhini yake hakuna akaunti mpya wala bidhaa mpya inayoongezwa popote katika kundi. Cheo chake kisiwe kidogo, maana atawakatalia mameneja wa nchi.

Ukiwa wewe ndiye unayesubiriwa kusaini, mwambie muuzaji asikuletee slaidi. Mpe ankara halisi ya kampuni yako ya Kampala, katoni kumi zilizorudishwa, na umtake akuonyeshe mbele ya mhasibu wako jinsi hati ya kupunguza deni inavyotoka, inavyofika URA, na inavyoonekana Nairobi kwenye hesabu za kundi. Akisema jambo hilo litashughulikiwa baada ya mfumo kuanza, usisaini. Mwombe kwanza aandike bei ya kulishughulikia.